Kula Njiani, Kurudi Jioni: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mikahawa, Vibanda na Masoko

Tangu tulipotangaza kwamba safu hii itapokea maswali kuhusu matembezi ya siku moja, barua zimetufikia kutoka Kampala, Mbale, Masaka na kwingineko. Nyingi zinauliza mambo yanayokaribiana: wapi mtu atakula vizuri nje ya hoteli kubwa, wapi atakunywa kahawa iliyotengenezwa na mtu anayeijua, na soko gani linastahili nauli. Tumezifupisha na kuzijibu kama ifuatavyo.

Ndugu mhariri, nimehamia Kampala kutoka Mombasa kwa sababu ya kazi, na ninaishi Ntinda. Jumamosi zangu zimekuwa za kuzunguka katika majengo ya maduka na kunywa kahawa ileile kwenye mikahawa yenye matawi kila kona. Mimi na wenzangu wawili tungependa kutoka asubuhi na kurudi jioni, tupate mikahawa midogo ya watu binafsi, chakula cha mahali na soko la kutembelea. Hatuna gari. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Ntinda*

Dada yangu, anzeni na Jinja. Najua jibu hilo linaonekana la kawaida, kwa kuwa kila mgeni hupelekwa huko kuona chanzo cha Nile na kupanda mashua, lakini wengi huupita mji wenyewe bila kuutazama, na mji ndio wenye hicho mnachokitafuta. Ni yapata kilomita 80 tu kutoka Kampala. Pandeni taksi, yaani matatu, kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu baada ya hapo magari huanza kusongamana Kireka, Seeta na Mukono, na safari ambayo ingechukua saa mbili huweza kula nusu ya siku yenu.

Njiani mtapita Najjembe, katika msitu wa Mabira, ambako wauzaji hulizingira gari kabla halijasimama sawasawa, wakipenyeza madirishani vijiti vya kuku, maini, gonja (ndizi) za kuchoma na chupa za maji. Asubuhi nunueni gonja tu. Gonja ikishikwa mkononi hujieleza yenyewe kama imetoka motoni sasa hivi au imelala, lakini kijiti cha nyama kinachopashwa moto saa mbili asubuhi huenda ni cha jana usiku, nanyi hamtajua mpaka mmeshakilipia na gari limeondoka. Nyama isubiri wakati wa kurudi, kuanzia saa kumi jioni, mabasi ya masafa marefu yanapopita kwa wingi na nyama haipati nafasi ya kukaa. Mtaona katika majibu yangu yote kwamba ninauliza saa kabla ya kuuliza jina la mahali. Vibanda na mikahawa midogo haina ghala la kuhifadhi chakula kwa siku tatu wala wapishi wa zamu mbili, kwa hiyo kila mmoja una saa zake nzuri, na mgeni anayefika nje ya saa hizo huondoka akisema mahali hapo pamesifiwa bure.

Jinja kwa sehemu kubwa ilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, kabla ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, na majengo yao bado yamesimama Main Street na katika mitaa inayoikata: mbele kuna baraza yenye nguzo, juu ukutani kuna jina la mwenye nyumba au mwaka wa ujenzi, kisha linafuata duka refu jembamba linaloishia kwenye ua uliokuwa wa familia. Nadhani umbo hilo la nyumba ndilo lililoupa mji huu mikahawa yake. Mtu mwenye mtaji mdogo hukodi duka, huweka kaunta na mashine ya kahawa mbele, na meza zake huzipanga uani chini ya mti, mahali ambapo kelele za bodaboda hazifiki. Kwa hiyo msihukumu mkahawa wa Jinja kwa mlango wake. Ingieni mpaka mwisho, mtazame ua, ndipo mwamue kama mnakaa au mnaendelea. Mkahawa wa The Source, ulioko Main Street katika jengo la aina hiyo, ndio unaotajwa zaidi na wageni, lakini si wa pekee, na raha ya mtaa huo ni kuutembea kwa miguu bila kuwa mmeamua mapema.

Mkishakaa, angalieni mambo mawili. Orodha ya vyakula ikiwa na kurasa sita, kuanzia piza hadi biriani, jueni kwamba huko nyuma kuna friza kubwa na mpishi mmoja aliyechoka; ikiwa fupi, na vitu viwili vimefutwa kwa kuwa vimekwisha, hiyo ni dalili njema. La pili, mwulizeni anayewahudumia kahawa imetoka wapi. Akijibu Bugisu au Rwenzori, maeneo ya milima yanayolima kahawa, bila kwenda kumwuliza mtu mwingine, agizeni ya pili.

Chakula cha mchana msikile hapo. Nendeni Soko Kuu la Jinja, ambalo lilijengwa upya kwa ghorofa, mzunguke kwanza kwenye viazi vitamu, karanga zilizosagwa na samaki wakavu, kisha mtafute sehemu ya wapishi kabla ya saa saba. Mkifika saa nane, matoke yatakuwepo lakini mchuzi wa karanga utakuwa umechakachuliwa kwa maji ili utoshe. Ombeni ngege (sato) mzima wa kukaanga, msikubali kipande, kwa sababu samaki mzima huonyesha macho na mashavu yake, na kipande huficha.

Mto mtauona mnaporudi, kutoka kwenye daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Msimwombe dereva asimame juu yake mpige picha, maana askari walinzi hawalipendi jambo hilo.

Ndugu mhariri, sisi ni familia ya Kiislamu, na kila tukitoka na watoto tunaishia kula chipsi na soda kwa kuogopa nyama tusiyoijua. Je, hakuna matembezi ya siku moja ambayo tutakula bila wasiwasi?
*Baba wa watoto wanne, Kawempe*

Ndugu yangu, yapo, na moja liko upande wenu wenyewe wa mji. Shikeni barabara ya Gulu hadi Bombo, yapata kilomita 35, mji ambao kwa zaidi ya karne moja umekuwa makao ya Wanubi, wajukuu wa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria huko Sudan, walioletwa na Lugard, ofisa Mwingereza, mwaka 1891. Wanubi ni Waislamu, wanazungumza Kinubi chenye asili ya Kiarabu, na wengi wa wazee wao wanasema Kiswahili vizuri, jambo ambalo litawafurahisha watoto wenu wanaokisoma shuleni bila kukisikia mitaani. Ulizeni gurusa, mikate bapa laini inayoandaliwa kwa chai, na kisira inayoliwa kwa mchuzi. Vyakula hivi havikai dirishani na bango. Hupikwa na akina mama majumbani au kwenye vibanda vidogo, zaidi asubuhi na jioni, kwa hiyo mkifika, mwulizeni mtu yeyote aliyetoka msikitini naye atawaelekeza kwa mama fulani. Akina mama haohao husuka sinia na vifuniko vya ukindu vya rangi kali, ambavyo si rahisi kuvipata Kampala kwa bei ya msusi. Tahadhari ni moja tu: Bombo ni mji wa jeshi, kwa hiyo kamera zikae mfukoni karibu na kambi.

Siku ambayo hamtaki kwenda mbali, Kisenyi, karibu na Mengo, ina hoteli za Wasomali ambazo mchana hutoa wali, mbuzi na tambi, na ndizi mbivu kando ya sahani, ambayo watoto wako wataiacha kwanza na baadaye kuizoea. Pendeni kufika baada ya sala ya adhuhuri, mbuzi akiwa bado anatoka jikoni.

Kuhusu nyama njiani, ni desturi ya zamani nchini Uganda kwamba uchinjaji hufanywa na Waislamu, na suala hili lina historia nzito: mwaka 1876 vijana wa Kiislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, wakiwa wamekataa, miongoni mwa mambo mengine, kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa katika ikulu. Kwa sababu hiyo muuzaji hashangai wala hakasiriki akiulizwa nani amechinja. Lakini mimi ningeuliza swali la pili ambalo wengi hulisahau, nalo ni kama nguruwe huchomwa kwenye wavu huohuo au hukaangwa kwenye mafuta hayohayo. Mchinjaji anaweza kuwa Mwislamu na wavu ukawa wa wote.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa Makerere. Safari zenu zinahitaji pesa. Mwenye elfu ishirini atembee wapi?
*Mwanafunzi, Wandegeya*

Mdogo wangu, utembee kwa miguu, na uanzie hapohapo ulipo, maana watu wanatoka mabara mengine kuja kuonja kile unachokipita kila siku ukienda darasani. Roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ina vituo kila mji wa Uganda siku hizi, lakini Wandegeya, kwa sababu ya wanafunzi wenye njaa na haraka, ni miongoni mwa mahali ilipopata umaarufu wake. Siku moja usiagize ukiwa unatazama simu. Simama mbele ya sigiri. Muuzaji anavunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anatia chumvi, nyanya, kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, anakoroga kwa uma mpaka povu linainuka, kisha anamimina kwenye chuma bapa chenye mafuta, na kabla yai halijakauka juu anabandika chapati ili vishikane. Anageuza, anapanga nyanya mbichi, anaviringisha kwa vidole viwili ambavyo vimekwisha kuzoea moto, anafunga. Tofauti kati ya roleksi nzuri na mbaya haiko kwenye yai. Iko kwenye chapati: chagua anayesukuma unga palepale, umwache yule aliyenunua rundo la chapati za tangu alfajiri na kuzifunika kwa nailoni.

Ukishakula, teremka mpaka Buganda Road, ambako kuna soko la kazi za mikono lenye vibanda vilivyobanana, na karibu nalo kuna 1000 Cups, mkahawa mdogo ambao kwa miaka mingi umekuwa ukiuza kahawa ya Uganda na ya nchi nyingine kwa watu wanaokaa na gazeti. Kahawa moja hapo itakugusa mfuko, kwa hiyo ihesabu kuwa ndiyo anasa ya siku. Endelea hadi soko la Nakasero, ambalo jengo lake la zamani lina umri wa karibu karne moja, ununue pasheni na ndizi ndogo tamu, na ukiona muuzaji anakukatia embe uonje bila kukushurutisha, nunua kwake. Wanaovamia wateja langoni na kuwashika mkono ni wa kuepukwa. Bei yao ni ya wageni, na wewe hutaki kuonekana mgeni katika mji wako.

Jioni rudi Wandegeya. Kuku wanaozunguka nyuma ya kioo chenye taa, ambao mtaa mzima unawaita kuku wa televisheni, hawafai kabla ya saa moja usiku, na kwa bajeti yako robo inatosha watu wawili mkiagiza chipsi pamoja. Pesa zikiwa zimeisha, kikomando kipo, yaani chapati iliyokatwa vipande na kumwagiwa maharagwe, na sioni aibu yoyote kukitaja katika safu hii, maana kikipikwa na mtu anayeyaunga maharagwe yake vizuri kinaishinda sahani nyingi za hotelini.

Ndugu mhariri, mimi ni mwalimu hapa Mbale. Milima yetu inalima kahawa, lakini ukiingia hotelini ukaagiza kahawa unaletewa maji ya moto na kopo la unga. Kwa nini? Na je, ninaweza kuwapeleka wageni wangu wainywe karibu na shamba, kisha turudi siku hiyohiyo?
*Mwalimu, Mbale*

Mwalimu, swali lako la kwanza linastahili jibu refu kuliko nafasi tuliyo nayo. Kahawa ya robusta ni mti wa asili wa misitu yetu, na Waganda waliitafuna ikiwa imechemshwa na kukaushwa muda mrefu kabla ya kikombe kufika. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu waligawana buni mbili za tunda moja. Hadi leo mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna katika nyumba nyingi za Buganda, na sokoni utaiona imefungwa katika vipande vya maganda makavu ya mgomba. Arabika ya Mlima Elgon ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Ilipandwa ili iuzwe nje, ikakusanywa na ushirika, ambao kwenu ni Bugisu Cooperative Union ulioanzishwa mwaka 1954, na kwa miongo mingi ikapitia katika bodi ya serikali iliyokuwa na haki ya pekee ya kuisafirisha, mpaka soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkulima aliuza buni zake na jioni akanywa chai ya maziwa. Hakukuwa na sababu ya mtu kununua kikaango cha kahawa kwa ajili ya mteja wa Mbale, na hoteli nyingi bado zinaendeshwa kwa mazoea hayo. Hali inabadilika, ila inabadilika haraka zaidi Kampala kuliko kwenye miguu ya mlima wenyewe, jambo ambalo, nakubaliana nawe, ni la kuudhi.

Kwa swali la pili, nenda Sipi. Kutoka Mbale barabara ya lami inapanda kuelekea Kapchorwa, na kwa gari la kawaida mtakuwa mmefika kwa saa moja na ushee. Wageni wengi huenda kwa ajili ya maporomoko matatu, ambayo lile kubwa lina urefu wa karibu mita 100, kisha huinywa kahawa kama nyongeza wakiwa wamechoka. Nakushauri ugeuze mpangilio: kahawa kwanza. Fikeni saa tatu asubuhi, mwafikiane na mmoja wa wakulima wanaopokea wageni, kwa bei inayotajwa kabla ya kuanza, kwa sababu mawingu huanza kushuka mchana na buni haikaangwi vizuri uani mvua ikinyesha. Msimu mkuu wa mavuno huangukia zaidi miezi ya mwisho ya mwaka, na wakati huo wageni wako watachuma tunda jekundu wenyewe na kulimenya kwa mashine ya mkono. Nje ya msimu wataanzia kwenye buni kavu.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya nisichoke na Sipi. Buni zinatwangwa taratibu katika kinu, ganda jepesi linapepetwa na kuruka, kisha zinamiminwa kwenye sufuria juu ya mafiga. Mwenye nyumba hasinzii wala haondoki. Anakoroga mfululizo, na kila mtu ananyamaza akisubiri ule mlio mkavu wa kupasuka, wa kwanza wenye nguvu na wa pili mwepesi zaidi. Anayependa kahawa yenye uchachu kidogo huipua baada ya mlio wa kwanza. Wenyeji wengi huiacha hadi iwe nyeusi na kung'aa mafuta. Waambie wageni waonje za aina zote mbili, bila sukari kwa funda la kwanza. Wakitaka kubeba, wanunue buni nzima zilizokaangwa siku hiyo, wasikubali unga, kwa kuwa unga hupoteza harufu yake kabla haujafika Entebbe.

Mkirudi Mbale, pitieni sokoni kabla halijaanza kufunga mkatafute malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo kwa Wagisu huungwa kwa karanga. Wewe unayajua, ni wageni wako ambao hawayajui, na kama una mke au dada wa kuyapika nyumbani usiku huo, hakuna hoteli ya kukushinda. Mwenye kuyapika akiwa wewe mwenyewe, ni vizuri zaidi.

Mhariri, mnasifu mashariki kila toleo. Je, barabara ya Masaka haina chakula?
*Mzee, Nyendo*

Mzee wangu, shikamoo, na lawama nimeipokea. Barabara yenu ina chakula kingi, ila inamtaka mtu asimame mara nyingi, na walio wengi huiendesha moja kwa moja hadi Mbarara. Kwa anayetoka Kampala, kituo cha kwanza si cha kula. Ni Mpambire, karibu na Mpigi, kijiji cha mafundi wa ngoma, ambako magogo yaliyochimbwa na ngozi zilizowambwa juani vimepangwa kando ya lami. Hata asiyenunua hukaribishwa kupiga. Kinachofuata ni Kayabwe, yapata kilomita 75 kutoka Kampala, penye mstari wa ikweta, ambapo duara jeupe limezungukwa na mikahawa na maduka ya vinyago. Kahawa hapo ni nzuri katika sehemu mbili tatu na vyoo ni safi, jambo ambalo msafiri mwenye watoto hulithamini kuliko kahawa. Yule kijana anayeonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande mwingine, mlipeni kwa ustadi wake, lakini msiwafundishe watoto kuwa ni sayansi: nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuweza kuyageuza maji ya beseni umbali wa hatua chache kutoka kwenye mstari, na siri imo katika namna anavyoyamimina.

Baada ya hapo barabara inaingia katika vinamasi vya Lwera na Katonga, ambako mwaka 2023 mafuriko yaliliharibu daraja na kuikata njia, na ng'ambo yake ndiko Lukaya. Hapa ndipo ningependa watu wa Kampala wafike na njaa. Muchomo, yaani nyama choma, wa Lukaya huchomwa kwa ajili ya malori na mabasi yanayotoka mpakani, kwa hiyo soko lake halilali, na kadiri jua linavyozama ndivyo linavyochangamka. Mbuzi, kuku, gonja, mihogo, vyote vimo. Anayekula saa sita mchana atakula, lakini anayekula saa kumi na mbili jioni ataelewa kwa nini madereva huvumilia njaa tangu Mbarara. Ugumu ni kwamba kutoka hapo hadi Kampala ni usiku na malori, na sishauri mtu asiye na dereva mzoefu afanye hivyo kwa ajili ya mbuzi. Basi maelewano yangu ni saa kumi kamili, mkono mmoja ukila na macho yakitazama saa.

Nisipozitaja nsenene, wale panzi wa kuliwa, utaniandikia tena. Zikianguka, zaidi Novemba, Masaka yote huwaka taa kali usiku, mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, na kesho yake Nyendo inauza ndoo kwa ndoo. Mgeni anunue zilizokwisha kukaangwa, kutoka sufuria ambayo bado ina joto, na asimsukumie rafiki yake Mganda kabla ya kumwuliza ukoo, kwa kuwa watu wa ukoo wa Nsenene hawazili.

Je, visiwa vya Ssese vinawezekana kwa siku moja?
*Msomaji, Kajjansi*

Kwa meli ya MV Kalangala, hapana. Ratiba yake ya miaka yote ni kuondoka Nakiwogo, Entebbe, mchana na kurudi kutoka kisiwani asubuhi inayofuata, kwa hiyo mtalala. Mkitaka ziwa na samaki bila kulala, nendeni Ggaba. Fikeni saa mbili asubuhi mitumbwi inaposhusha, mchague samaki wenu, na kwenye vibanda vya jirani watawakaangia na mihogo. Msikubali mputa (sangara) mchanga hata kwa bei ya kurusha roho: sheria inakataza kuvua aliye chini ya sentimita 50, na mnunuzi aliyekutwa naye njiani hupata taabu sawa na mvuvi.

Ninapenda kupiga picha za masoko, lakini wauzaji hunifokea. Nifanyeje?
*Mpiga picha, Mbarara*

Nunua kwanza, zungumza, kisha omba. Piga bidhaa kabla ya uso, na umwonyeshe picha aliyemo. Akikataa, shukuru uendelee na kibanda kingine, usijifiche nyuma ya gunia la mihogo kupiga kwa siri, kwa maana jirani yake atakuona na soko zima litakufungia. Tena beba noti za elfu moja na elfu mbili, maana mama anayeuza mafungu ya nyanya hana chenji ya elfu hamsini saa moja asubuhi, na kumtuma akatafute chenji ndiko kunakomfanya akufokee kabla hata hujatoa kamera.